Baji yenye pacha na puse yenye alama ya kuzaliwa

Kesi zinazotuchokesha zaidi mu sendika miaka hii hazitoke mu shimo. Zinatoka ku bariyeri. Mufanyakazi anaitwa ku biro, anapewa demande d'explication, na mu barua mumeandikwa kama baji yake ilitoka katikati ya usiku wakati posti haiyaisha, ao iliingia mara 2 pashipo kutoka, ao ilifungua mulango wa magazini siku ile vipuri vilipotea. Yeye anasema hapana, nilikuwa chini, muulize wenzangu. Na jibu iko ile ile kila mara: "Mashini haisemake bongo."

Sisi wadelege tulisikia ile neno mara mingi mpaka tukaamua kutafuta kujua: mashini inajua nini kweli? Inaona nini wakati baji inapita mbele yake? Tuliuliza mafundi wa ordinatere, tukasoma, watoto wetu wanaosoma ku inivesite wakatusaidia na maneno magumu. Tunaandika hapa kile tulichopata, juu ni mambo ya mushahara na ya jina nzuri ya mutu. Tena ni mambo ya uzima, tutafika pale.

Tuanze na kesi moja, pashipo kutaja kampuni wala jina. Mufanyakazi wa posti ya usiku, wa chini, mwenye miaka mingi ku kazi. Ordinatere ilionyesha kama baji yake ilitoka katikati ya posti na kurudi kisha saa 2. Walitaka kumufukuza kwa kosa ya kuacha kazi. Sisi tukaomba liste nzima ya usiku ule, si ule musitari wake peke yake. Wiki 3 zikapita mbele ya kuipata. Tulipoisoma, tukaona kama baji yake ilipita ku bariyeri moja, na kisha dakika 4 ikapita ku bariyeri ingine iliyo mbali na kilometre 6. Mutu gani anapiga kilometre 6 ku miguu mu dakika 4, na viatu vya chuma? Kulikuwa baji 2 zenye namba moja. Kesi ikakufa pale pale. Siku zilizokatwa ku mushahara, zile tungali tunadai.

Lakini kitu kilichotushitua zaidi ni kingine. Liste ile ya bariyeri haiko ya mushahara peke yake. Moto ikiwaka chini ao maji ikiingia, watu wa kuokoa wanaangalia liste ile ile kujua nani angali mu shimo. Usiku ule, kwa saa 2, ordinatere ilijua kama mwenzetu iko inje. Alikuwa chini. Kama kitu kingetokea, nani angeshuka kumutafuta? Mama zetu wanaongoja ku nyumba waelewe vizuri: namba ya baji inaweza kumutosha mutu mu shimo ku karatasi, na mwili wake ubakie ndani.

Sasa, namna gani baji inapata pacha?

Baji mingi za ku kazi ziko na puse ndani, kidude kidogo kuliko punje ya muhindi, na waya mwembamba uliozungushwa pembeni. Hakuna betri. Mashini ya ku mulango njo inatuma nguvu kidogo mu hewa, puse inaamka, inasema namba yake, inalala tena. Kwa baji za bei ya chini kabisa, ni paka ile: namba. Hakuna siri yoyote. Kuko vifaa vinavyoingia mu mufuko vinavyoweza kusikia ile namba na kuiandika mu baji ingine nyeupe, kwa muda wa kusema mbote na kuuliza habari ya watoto. Kuanzia pale mashini haiwezi kujua nani Kyungu, nani Kabange.

Baji zingine ziko na siri ndani. Mashini haiombi namba peke yake. Inauliza swali, na puse inajibu kwa kutumia ufunguo wa siri ulioandikwa ndani yake. Ile iko bora. Lakini tusikilize kile kilichofikia karte inayoitwa MIFARE Classic. Iliingia mu soko mwaka wa 1994, na kisha ikabakia mu mikono ya kampuni NXP ya Uholanzi. Karte za namna ile ziliuzishwa kupita milioni 1000 mu dunia: za kufungua milango, za kupanda bisi, za kantini. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 48, na namna ya kuficha maneno ilikuwa siri ya kampuni. Mwezi wa 12 wa mwaka wa 2007, mu mukutano mumoja mu Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kama walifungua puse, wakaikwangua tabaka moja moja, wakapiga picha na mikroskopi mpaka wakaanza kuelewa siri. Mwaka uliofuata, watu wa inivesite Radboud, mu muji wa Nijmegen, wakavunja ile kitu kabisa. Kampuni ikawapeleka ku tribinali ya Arnhem ili wasichapishe. Mwezi wa 7 wa 2008 juji akakatala ombi ya kampuni, na kazi yao ikachapishwa.

Tangu wakati ule kila fundi wa milango anajua. Na karte za namna ile zingali zinauzishwa leo, juu bei yake ni kidogo. Kuko karte zenye nguvu zaidi, kwa miaka mingi sasa. Mukubwa wa kazi anayesema "mashini haisemake bongo" angeanza kutuambia kwanza alinunua mashini gani.

Hata karte zenye nguvu ziko na shida moja: siri imeandikwa mahali. Kitu kilichoandikwa, kuko siku kitasomwa. Mwizi anaweza kufungua puse na mikroskopi, ao kuiba liste ya funguo mu kiwanda, ao kumupa feza mutu mumoja anayeweka siri ndani ya karte. Ni sawa kuficha ufunguo wa nyumba chini ya jiwe. Jiwe inaweza kuwa zito, lakini ufunguo uko pale usiku na muchana.

Ndipo wenye elimu wakajiuliza: tunaweza kupata ufunguo ambao haukuandikwa na mutu, na ambao hauko mahali popote wakati puse inalala?

Kwa kuelewa jibu yao, turudi ku kazi yetu. Wazee wa Katanga walikuwa wanamimina shaba mu kalibu na kutosha misalaba, ile iliyotumika sawa feza na mahari. Chukua misalaba 2 iliyotoka mu kalibu moja, ku mukono wa fundi mumoja, siku moja. Kwa macho iko sawa. Kisha angalia karibu: hapa kuko kishimo cha hewa, pale mukono mumoja unazidi kidogo, huku shaba ilipoa mbio zaidi. Mwambie fundi atengeneze ingine iliyo na kishimo kile kile, mahali pale pale. Hawezi. Alitengeneza wa kwanza yeye mwenyewe, na hawezi kuurudilia. Hata katodi za leo, zinazotoka mu kisima kimoja cha asidi, ukiangalia na lupe hautapata 2 zenye uso mumoja.

Puse iko vile vile. Inazaliwa juu ya sahani ya silisiyumu; kwa viwanda vikubwa sahani iko na upana wa santimetre 30, na juu yake kunapangwa puse mamia kwa mara moja. Ndani ya kila puse kuko milango midogo ya umeme inayoitwa tranzista, mara mingi mamilioni na mamilioni. Wanaipima kwa nanometre, na milimetre 1 iko na nanometre milioni 1. Mu kitu kidogo namna ile, atomu chache zaidi ao pungufu zinatosha kufanya tranzista moja iamke mbele ya jirani yake. Viwanda vinatumia feza mingi kupunguza tofauti hizo na havijamaliza. Basi wenye elimu wakasema: kitu kile kinachowakasirisha mafundi, sisi tutakifanya alama ya kuzaliwa. Wao wanaiita PUF. Sisi tutabakia na alama ya kuzaliwa, hakuna mutu atakayekosa kuelewa.

Wazo lenyewe si la jana. Mwisho wa vita baridi, mu laboratware ya Sandia mu Marekani, walitengeneza gundi ya kupaka ku silaha, yenye vipande vidogo vinavyongaa ndani yake, sawa mika. Gundi ikikauka, kila kipande kinabakia mahali kilipoangukia. Ukipiga mwangaza unapata picha ambayo hakuna mutu anaweza kuirudilia. Shabaha ilikuwa wakaguzi wa mapatano wajue kama kombora waliyohesabu mwaka jana njo ile ile, si ingine iliyopakwa namba yake. Namba iko rahisi kuandika mara 2. Kuangusha mavumbi ya mika mara 2 namna moja, hakuna anayeweza.

Mwaka wa 2001, ku MIT mu Marekani, Ravikanth Pappu aliandika kazi yake ya doktora juu ya kipande cha plastiki ngumu kilichojaa vishanga vidogo vya kioo: lazeri ikipita ndani inatosha madoadoa ambayo ni ya kile kipande peke yake. Mwaka wa 2002 yeye na wenzake wakachapisha mu gazeti Science. Mwaka ule ule, pale pale MIT, Blaise Gassend, Dwaine Clarke, Marten van Dijk na Srinivas Devadas wakaingiza wazo ndani ya puse yenyewe. Mu namna moja ya ufundi huo, wanatuma umeme mu njia 2 zilizochorwa sawasawa, wanaangalia gani inafika kwanza. Njia ni sawa ku muchoro, lakini haziko sawa ku kuzaliwa, na mushindi anabadilika kufuatana na puse.

Namna inayotumika sana leo ilitoka mwaka wa 2007, ku watu wa Philips mu Uholanzi na ku inivesite ya Massachusetts mu Marekani. Inafaa tuikalie kidogo, juu iko nzuri na haiombi kuongeza kitu mu puse.

Karibu kila puse iko na sehemu ya kumbukumbu inayopoteza kila kitu umeme ukikatika. Imejengwa na vyumba vidogo, na kila chumba kinaweza kushika 0 ao 1. Ndani ya chumba kuko nusu 2 zinazovutana, sawa watoto 2 wanaovuta kamba. Wakati wa kazi, programu njo inaamua nani ashinde. Lakini wakati umeme unafika tu, mbele programu haiyasema neno, watoto wanavutana peke yao. Mwenye nguvu kidogo zaidi anashinda. Na juu nguvu yake ilitoka ku kuzaliwa, kesho atashinda tena, na kesho kutwa. Angalia vyumba elfu kadhaa vikiamka pamoja: unapata musitari murefu wa 0 na 1. Mu puse ile ile musitari unarudi karibu sawa kila asubuhi. Mu puse ya jirani, iliyotoka ku sahani moja, karibu nusu ya majibu iko tofauti.

Tulisema "karibu sawa". Kuko vyumba ambamo watoto 2 wako na nguvu moja kabisa. Leo anashinda huyu, kesho yule. Joto inachangia, baridi inachangia, uzee pia. Ufunguo wa siri hauvumilii kosa hata moja, basi wanafanya sawa vile sisi mu kesi ya mashahidi. Ukiuliza watu 7 na mumoja akachanganyikiwa, unafuata 6. Siku puse inatoka kiwandani wanaweka pembeni maandishi ya musaada yanayosema vyumba gani vinasikilizwa pamoja na namna ya kusahihisha. Maandishi hayo hata mwizi akiyaiba hayamupi ufunguo, ikiwa kazi ilifanywa vizuri. Ufunguo unazaliwa mu puse umeme ukifika, unafanya kazi yake, unakufa. Mu puse iliyolala hakuna kitu cha kusoma.

Kutoka ku Philips kulizaliwa kampuni Intrinsic ID, mwaka wa 2008, mu muji wa Eindhoven. Mwaka wa 2013, NXP, ile ile ya karte zilizovunjwa, ilitangaza kama itaingiza ufundi huo mu puse zake za karte za usalama. Mwaka wa 2024 Synopsys ya Marekani ikanunua Intrinsic ID. Basi si ndoto ya wasayansi. Iko mu soko, na anayetaka kununua anaweza.

Tusiseme kama haivunjike. Zile za umeme unaoshindana mbio, Ulrich Rührmair na wenzake walionyesha mwaka wa 2010 kama ukisikiliza maswali na majibu ya kutosha, ordinatere inaweza kujifunza na kujibu pahali pa puse. Na mwaka wa 2013, watu wa inivesite ya ufundi ya Berlin walichukua puse ya namna ya vyumba vinavyoamka, wakasoma musitari wake, kisha na mashini inayokata kwa mushale wa atomu wakatengeneza puse ingine mpaka ikaamka na musitari ule ule. Pacha kamili. Lakini walihitaji laboratware ya bei kali na watu wenye kuisomea miaka. Mwizi wa vipuri hana ile. Kati ya kifaa cha kuingia mu mufuko na laboratware ya Berlin, kuko tofauti kati ya kuchonga ufunguo ku soko na kubomoa benki.

Hapa mutaturuhusu tuseme neno moja la pembeni. Njia za umeme ndani ya puse za kisasa ni za shaba. IBM ilitangaza ile mwaka wa 1997, mbele walitumia aluminiyumu. Ili shaba isikimbilie mu silisiyumu na kuiharibu, wanaifunika na tabaka nyembamba yenye tantale, na tantale inatoka mu koltani. Mwaka wa 2017 Intel ikatangaza kama itatumia kobalti mu njia zake ndogo kabisa. Hatuseme kama kila puse iko na jiwe ya Kolwezi ao ya Manono ndani. Tunasema tu kama mutu anayetoa shaba na kobalti anaweza kuuliza, na kichwa juu, baji anayopewa ni ya namna gani.

Kuko pia puse za uongo, na zile zinatugusa kupita baji. Mwaka wa 2012, komisyo ya jeshi ya Senate ya Marekani ilitoa ripoti juu ya vipuri vya elektroniki vya uongo mu silaha zao. Walipata kesi karibu 1.800, na vipuri kupita milioni 1. Mingi zilikuwa puse za zamani zilizong'olewa mu ordinatere za takataka mu China, zikasuguliwa, zikapakwa rangi na kuandikwa namba mupya. Kama jeshi yenye feza namna ile ilidanganywa, tuwaze juu ya detektere ya gazi, ao plansha ya freni ya lori ya tani 100, ao ya lifti ya kushuka mu shimo. Wakati kipuri cha kwanza kinakufa na kingine kinanunuliwa mbio mbio ku muuzaji asiyejulikana, nani anajua kama puse iliyo ndani iko na miaka 1 ao 15? Puse yenye alama iliyoandikwa ku kiwanda siku ya kuzaliwa inaweza kuulizwa: wewe ni nani? Rangi ya juu inasuguliwa, alama ya ndani haisuguliwe. Kwa maoni yetu, pale njo ufundi huu ungetusaidia zaidi, kupita ku bariyeri.

Sasa tuseme kile alama haiwezi kufanya, juu tunajua kama wauzaji watakuja na maneno matamu.

Puse yenye alama inasema kama yeye ni yeye. Haisemi nani anamubeba. Mutu akiiba baji yako ku vestiaire, alama itasema kweli kabisa: hii ni baji ya kweli. Na kweli ile itakuangukia wewe. Sasa mukubwa atakuwa na nguvu ya kusema si paka "mashini haisemake bongo", atasema "baji haina pacha". Pacha hakuna, lakini mwizi anaweza kuwa pale. Tena, alama inalinda njia kati ya baji na mulango. Nyuma ya mulango kuko ordinatere, na ndani yake liste, na mbele ya liste kuko mutu mwenye neno la siri. Akibadilisha saa mu liste, alama ya kuzaliwa haitasema kitu. Haikuulizwa.

Wale wa Kivu, Maniema na Tanganyika wanajua hadisi hii kwa njia ya magunia. Koltani, kasiterite na wolframite zinafungwa mu magunia na tiketi ya plastiki yenye namba, mu mupango unaoitwa ITSCI, ili munuaji wa mbali ajue jiwe ilitoka mu shimo gani. Mwezi wa 4 wa 2022, Global Witness ilitoa ripoti ikisema kama tiketi zilikuwa zinafungwa hata ku mawe yaliyotoka mu mashimo mengine. ITSCI ilikatala mashitaka hayo. Sisi si majuji wa kesi ile. Lakini tuwaze tiketi zile zingekuwa na puse yenye alama isiyo na pacha. Hakuna anayeweza kuzirudilia, sawa. Ila zingesema tu: hii ni tiketi ya kweli. Jiwe halina puse. Kati ya jiwe na tiketi kuko mukono wa mutu, na ule mukono unaweza kulipwa, kutishwa, ao kuwa na njaa.

Hata ku telefone, wamama wanaotumia M-Pesa ao Airtel Money wanaona kitu kile kile. Wezi wengi hawapoteze muda ku puse ya telefone yako. Wanaenda kumudanganya agenti awape puse mupya yenye namba yako, ao wanakupigia simu uwaambie neno la siri wewe mwenyewe. Puse yenye nguvu haiwezi kuziba kinywa cha mutu.

Basi tunataka nini? Hatukatale mashini, mukaye wa pwentaji wa zamani, ule wa kalamu, nao ulituumiza, na mara mingi zaidi. Tunataka mu mazungumuzo ya konvansyo kolektivi kuwe kifungu juu ya baji: ni ya namna gani, inaweza kurudiliwa ao hapana, nani anaweza kugusa liste, na kila mara anaigusa ibakie imeandikwa. Ku shimo la chini tunataka zaidi: liste ya watu walio ndani isitegemee baji peke yake. Kibao cha zamani, ambamo kila mutu alitundika namba yake ya chuma mbele ya kushuka na kuitosha akipanda, kirudi karibu na mulango wa shimo, hata kama iko mashini ya bei gani. Kitu cha senti chache, lakini siku ya moto ni jicho la pili.

Sheria iko upande wetu kwa sehemu. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 wa 2002, ku kifungu cha 62, inasema kama mwenye kazi hawezi kuvunja kontra isiyo na mwisho pashipo sababu yenye nguvu. Musitari mumoja wa ordinatere, kwa maoni yetu, hauwe sababu yenye nguvu mpaka kwanza waonyeshe baji ni ya namna gani. Na sheria mupya ya mambo ya numerike, ordonanse-lwa namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 wa 2023, iko na sehemu juu ya habari za mutu binafsi. Mufanyakazi anaweza kuitegemea akiuliza kile kinachowekwa juu yake. Wadelege wengi hawajaitumia bado. Waanze.

Kwa yule ambaye barua itamufikia wiki hii: usijibu siku ile ile ukiwa na kasirani, na usitie sinyatire ku kitu kinachosema unakubali. Andika ku karatasi yako mwenyewe ulikuwa wapi, na nani, kazi gani ilifanyika, jina ya shefu wa posti. Omba, kwa maandishi, liste nzima ya baji yako kwa siku ile, bariyeri zote, na ya siku moja mbele na moja nyuma. Angalia saa na mahali: pacha hajui njia zako, na mara mingi atapita mahali wewe haungeweza kufika. Kisha ulete karatasi zote 2 ku delege wako, mbele ya kurudi ku biro.